Pengo la J

Taipureta ya baba ilikuwa na pengo.
Herufi J iling'oka mwaka wa karantini ya ng'ombe,
ikapotelea kwenye ufa wa sakafu, ofisi ya habari ya mkoa.
Fundi wa Mwanza akasema: spea hadi Dar.
Dar wakasema: hadi fedha za kigeni.

Basi baba, Shilinde, akawa anaruka nafasi,
kisha karatasi ikitoka anashika kalamu ya wino
na kuzipandikiza J, moja moja, kwa mkono.
U amaa. Akapandikiza.
Wakulima wame itolea. Akapandikiza.
N aa hakuiandika kamwe.
Hiyo ilikuwa na jina la ofisini:
upungufu wa muda wa chakula.

Saa mbili usiku mama aliteremsha betri
kutoka juu ya bati, zilikoanikwa tangu asubuhi,
akaziuma kidogo, akazirudisha redioni.
Ngoma ya taarifa ikalia.
Sauti ikaja, safi, imepigwa pasi,
ikatusomea maneno ya baba bila kumtaja baba:
pamba ya Kwimba, marobota, lengo limevukwa.
Pamba ile tuliiona Ngudu tulipokwenda msibani,
imelala nje ya ghala, imeota ukungu,
lori pembeni limeinuliwa juu ya mawe, halina tairi.
Tulisikiliza huku tukila ugali wa yanga,
unga wa msaada, manjano kama homa.
"Redio imeshiba," mama akasema.
"Punguzeni sauti isije ikatapika."
Baba hakucheka.
"Mimi nilipeleka namba ndogo," alisema. "Zimekulia njiani."

Kisha usiku mmoja wa Machi
mtumbwi wa injini ukatoka Ukerewe umezima taa,
umebeba makopa na watu,
unakwepa kizuizi cha mazao.
Tuliwakuta Kirumba asubuhi, wamelazwa juu ya magunia.
Kumi na tisa.
Shangazi Minza wa tatu kutoka mwisho, kiatu kimoja.
Baba alipita na daftari akiuliza majina,
sauti ileile ya kuulizia bei ya mbolea,
na alipomfikia dada yake akaandika pia.
Akapiga chapa usiku kucha:
A ALI ZIWANI.
Jibu lilikuja kwa simu, fupi:
habari hiyo haijengi.

Siku ya pili, saa saba mchana, ua mzima ulikaa,
hata mama Bugomola tuliyegombana naye maji.
Wageni wamewasili uwanja wa ndege.
Kiwanda kimezinduliwa.
Halafu yakaja matangazo ya vifo, yale ya kulipia,
na hapo ndipo tuliposogea:
amefariki ghafla, Mwanza.
Amefariki ghafla, Nansio.
Ghafla. Ghafla.
Mtangazaji hakujua anasoma nini.
Sisi tulikunja vidole.
Kumi na mmoja. Wanane hawakuwa na ndugu wa kulipia.

Baba amekufa juzi, si ghafla.
Sandukuni nimekuta nakala zake za kaboni,
zambarau, zinaacha rangi kwenye vidole.
J za wino zilisafiri na karatasi za juu;
huku chini hakuna aliyejaza kitu.
Miaka kumi na minne ya taifa lenye mapengo:
u amaa, uta iri wa nchi, kazi ya kui enga,
yote yamekosa jino lilelile.

Ila karatasi moja.
Hii amekaa nayo baadaye, kwa penseli,
penseli ya shule, nadhani yangu,
na si kichwa cha habari alichokishughulikia.
Kichwa bado ni A ALI.
Ni majina:
Kija. Jidula. Njile. Majebele.
Amebonyeza hadi karatasi imetoboka.

Minza halina J.
Hakukuwa na cha kujaza.
Ameiandika hata hivyo, pembeni yake,
moja, kubwa, haimo katika neno lolote.